Siku ya kwanza njia ya Machame: usikubali kuharakishwa

Swali: "Habari za kazi, kaka. Ofisini kwetu Dar tumejiandikisha watu 12 kupanda Kilimanjaro mwanzoni mwa Desemba ili tuwe kileleni tarehe 9, njia ya Machame, siku sita. Nina miaka 44, wenzangu wengi ni vijana. Naishi Kigamboni, na mazoezi yangu ni kutembea ufukweni jioni. Wenzangu wanasema siku ya kwanza ni matembezi tu ya msituni, kwa hiyo twende mbio tuwahi kambini tupumzike. Mimi naogopa kuachwa nyuma na kuwachelewesha. Siku hiyo ikoje hasa? Nibebe nini mwenyewe? Na kichwa kikiniuma usiku niseme, au ninyamaze wasije wakanirudisha?"

Jibu: Dada yangu, nianze na hao wenzako, maana hofu ya kuachwa nyuma wamekutia wao, na ushauri wao wa kwenda mbio ni mbaya.

Ni kweli siku ya kwanza yote ni ya msituni. Ni kweli pia njia imetengenezwa, ina ngazi za magogo na mifereji ya kupitisha maji, na hakuna mahali pa kukwea mwamba. Watu wengi humaliza wakiwa wanacheka, na hapo ndipo wanapodanganyika. Hebu tazama vimo vya mahali mtakapolala. Usiku wa kuamkia safari mtalala Moshi, mji ulio chini ya mita 1,000. Asubuhi gari litawapandisha hadi Geti la Machame, kama mita 1,800, na jioni mtalala Kambi ya Machame, kama mita 3,000. Usiku wa pili ni Shira, kama mita 3,800. Wa tatu ni Barranco, ambayo haifiki mita 4,000, na kwa safari ya siku sita, wa nne ni Barafu, kati ya mita 4,600 na 4,700. Piga hesabu uone: kutoka kitanda hadi kitanda, hakuna siku itakayowapandisha kama ya kwanza. Ni zaidi ya mita 2,000 kwa mara moja, na wewe siku chache kabla ya hapo ulikuwa unalala usawa wa bahari.

Hewa ya pale kambini ina oksijeni asilimia 21 kama ya Kigamboni. Kilichopungua ni mgandamizo wake, ambao kwenye mita 3,000 unabaki kama asilimia 70 ya ule wa pwani, kwa hiyo kila pumzi inaingiza oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea. Kileleni, mita 5,895, unabaki karibu nusu. Mwili unajua namna ya kujirekebisha: unapumua zaidi, moyo unaongeza mwendo, figo zinatoa mkojo mwingi ili kusawazisha damu. Ila unahitaji muda, tena wa siku na si wa saa. Ukiupandisha huku unaukimbiza, unautwisha kazi mbili kwa pamoja. Kujichosha ni moja ya mambo yanayojulikana kuongeza uwezekano wa ugonjwa wa mwinuko. Ujana hauzuii ugonjwa huo, wala kifua cha mazoezi hakiuzuii. Vijana wenye nguvu naona wanaumia sana, kwa sababu nguvu wanazo za kupandia haraka kuliko miili yao inavyoweza kuzoea.

Tena dalili haziji njiani. Huanza saa kadhaa baada ya kufika, mara nyingi zikipita saa 6 hadi 12. Aliyekimbia anafika saa tisa alasiri akiwa mzima kabisa, anapiga picha, anawacheka waliochelewa, halafu saa nne za usiku ndipo kichwa kinaanza kugonga.

Kuna jambo jingine ambalo waliokwenda mbio hulijua wakiwa wamechelewa. Wapagazi huanza kutembea baada ya wageni, kwa sababu mizigo inapimwa getini kwanza. Ukiwahi sana kufika, unakuta kambi bado haijasimama. Unakaa kwenye jiwe na fulana iliyolowa jasho, jua linafichika, ukungu unaingia, na nguo zako kavu ziko kwenye begi lililo mgongoni mwa kijana aliye nusu saa chini yako. Nimeona watu wakianza safari ya Kilimanjaro kwa mafua ya kujitakia namna hiyo.

Sasa siku yenyewe. Mtaondoka Moshi asubuhi, mtapita katikati ya vihamba vya Machame, migomba na kahawa, watoto wakiwapungia. Getini jiandaeni kusubiri, pengine saa moja, pengine mbili na zaidi. Kila mtu anaandika mwenyewe kwenye daftari la hifadhi jina, umri, uraia na kazi, halafu anaweka sahihi. Kiongozi mkuu yuko dirishani anamalizia vibali. Usikasirike na kusubiri huko. Kula ndizi, kunywa maji, nenda chooni.

Na ukiwa pale, tafadhali nenda uangalie mizani. Mizigo ya wapagazi inapimwa mmoja mmoja, na kikomo kilichowekwa na hifadhi ni kilo 20 kwa mzigo wa safari, mbali na vitu vyake mwenyewe. Utawaona wamepanga foleni, mwenye mtungi wa gesi, mwenye viti, mwenye trei za mayai. Mizani ikizidi, kitu kinatolewa na kuhamishiwa kwa mwenzake, na kama wote wamejaa, inabidi aongezwe mtu. Makundi ya maofisini ndiyo yanayoleta mabegi mazito kuliko wote: pasi ya nguo, spika ya muziki, katoni ya juisi. Begi lako kubwa lisizidi kilo 15, na kampuni nyingi zinataka hivyo hivyo. Kabla hamjalipa salio, mwambieni mratibu wenu aulize kampuni maswali mawili: wapagazi wanakula milo mingapi kwa siku, na wanalala kwenye hema la namna gani. Mkijibiwa kwa kuzungukazunguka, mshajua mnasafiri na watu gani. Wale vijana, wenyewe hujiita wagumu, ndio watakaokulisha na kukulaza siku zote sita.

Mtaanza kutembea kama saa tano, na kufika kambini kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni. Njia ni kama kilomita 11, na wastani wa muda ni saa tano hadi saba pamoja na mapumziko. Kwa mwendo huo mnafika mwanga ungalipo. Aliyekuambia kwamba pole pole itawafikisha usiku hajui hesabu za njia hii, isipokuwa kama mtachelewa sana kutoka getini, na hilo dawa yake ni kuondoka Moshi mapema.

Mwendo utaujua kwa mdomo wako. Ongea na aliye jirani yako. Ukiweza kumaliza sentensi ndefu bila kukatisha ili uvute pumzi, mwendo ni sawa. Ukikatisha, punguza, hata kama aliye mbele yako anatokomea. Hatua ziwe fupi, hasa kwenye ngazi, na usisimamesimame: mwendo mdogo usiokatika ni bora kuliko kukimbia na kusimama. Saa ya kwanza ndiyo ngumu kujizuia, kwa sababu mmetoka kupiga picha, mmeimba, miguu ina hamu.

Kuhusu kuachwa nyuma, elewa kundi linavyoongozwa. Watu 12 hawapewi kiongozi mmoja. Mtakuwa na kiongozi mkuu na wasaidizi wake, na kazi yao ni kugawana: mmoja mbele, mmoja nyuma, wengine katikati. Wa nyuma hayuko pale kukusukuma. Yuko pale ili uende mwendo wako bila kubaki peke yako. Humcheleweshi mtu, kwa sababu hakuna kinachoanza kambini mpaka jioni. Jitambulishe kwa kiongozi mkuu pale getini, mwambie, "Mimi natoka usawa wa bahari, naomba nitembee nyuma." Atakushukuru kwa moyo wote. Ikiwezekana shawishi na wenzako wawili watatu mtembee pamoja, mara nyingi watu wengi wanatamani kwenda taratibu ila hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema.

Na ukienda taratibu utauona msitu, ambao kwangu mimi ndio sehemu nzuri kuliko zote za upande huu wa kusini. Mvua nyingi ya Kilimanjaro inanyeshea hapa. Miti imevaa kuvu na ndevu za kijani zinazoning'inia, kuna mikangaga mirefu kumpita mtu, na pembeni mwa njia, kwenye majani ya chini, tafuta ua dogo jekundu na njano lenye mkia uliojikunja. Hilo hupatikana mlima huu tu duniani. Mbega utamsikia kabla hujamwona. Kadiri mnavyokaribia kambi, miti mikubwa inapungua na inaanza ile ya majani membamba kama sindano, na anga linafunguka.

Upande wa mzigo wako wa mgongoni, kumbuka kanuni moja: begi kubwa hutaliona tena mpaka kambini, kwa hiyo kila utakachohitaji mchana kiwe kwako. Koti la mvua liwe juu kabisa mahali pa kulishika haraka, maana mwanzo wa Desemba vuli haijaisha vizuri, na mvua ya msituni huja mchana bila hodi. Weka sweta zito, kofia, maji lita 3, chakula cha mchana mtakachopewa, karanga au tende, karatasi za chooni, na dawa zako zote. Chupa za maji za kutupa haziruhusiwi mlimani, na mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo nunua chupa za kudumu, na nguo zako zipange ndani ya mfuko usiopitisha maji wa kutumia tena. Pedi chukua hata kama siku zako ziko mbali, kwa sababu safari na mwinuko huvuruga kalenda za wanawake wengi, na huko juu hakuna duka. Vyoo vya njiani vipo, ila usivitegemee kwa usafi.

Ofisi yenu bila shaka imechapisha fulana. Pigeni nazo picha getini na bango lenu, kisha mzivue. Fulana ya pamba ikilowa jasho haikauki, na ikipigwa na upepo wa jioni inakunyonya joto. Vaa ya michezo, ile nyepesi inayokauka mwilini. Suruali ya jinzi iache Kigamboni.

Viatu nitavizungumzia zaidi, kwa sababu vinaharibu safari za watu wetu wengi. Najua bei ya buti mpya, na najua soko la Karume zinapatikana za mitumba nzuri kwa bei ya haki. Sikukatazi. Lakini soli za buti nyingi zina tabaka la povu ambalo huoza kwa umri hata kama kiatu hakikuvaliwa. Nje kinaonekana kipya, ngozi inang'aa, halafu siku ya kwanza, kikishalowa tope la msitu, soli inaachia kuanzia kisigino na kubaki inapigapiga chini. Viongozi tunatembea na kamba na gundi kwa ajili hiyo, ila kiatu kilichofungwa kamba hakikufikishi Barafu. Ukinunua cha mtumba, kikunje kwa nguvu mara nyingi, bonyeza pembeni mwa soli kwa kidole gumba uone kama kuna nyufa au unga unaotoka, kisha kivae wiki kadhaa kwenye lami, mchanga na maji. Kama ni cha kufa, kife Dar. Na kata kucha za miguu kabla ya kusafiri.

Jioni kambini mtaandika tena majina kwenye daftari la askari wa hifadhi. Utapewa maji ya moto ya kunawa, halafu bisi na chai. Badili nguo zote mara moja, hata za ndani, kabla hujakaa. Kisha kula. Mwinuko huondoa hamu ya chakula, na atakayelala na supu peke yake leo atakosa nguvu kesho, kwa kuwa njia ya Shira ni fupi ila ina mwinuko mkali. Maji kunywa taratibu jioni nzima, usijilazimishe kupita kiasi. Pombe hapana, na vidonge vya usingizi hapana, kwa sababu vinapunguza upumuaji wakati mwili unahitaji kupumua zaidi.

Baada ya chakula kiongozi atapita kwa kila mmoja. Wengi wana kifaa kidogo cha kubana kidoleni kinachosoma oksijeni ya damu na mapigo ya moyo. Pale kambini, kusoma asilimia 90 hivi ni kawaida, usitishike kwa kuwa hospitalini Dar ungewekwa kitandani. Namba hiyo peke yake haitoi hukumu. Kinachomsaidia kiongozi zaidi ni majibu yako: kichwa kinauma? Umekula? Una kichefuchefu? Kizunguzungu? Hapa ndipo swali lako la mwisho linapoingia, na ndilo ninalotaka ulishike kuliko yote.

Sema. Sema jioni hiyo hiyo, mbele ya wenzako au kando, na ukiamka usiku kichwa kinauma, mwamshe aliye nawe hemani akamwite kiongozi. Kichwa kinachouma kidogo kwenye mita 3,000 kinatokea kwa watu wengi na hakimrudishi mtu. Utapewa maji, utaambiwa ule, utameza panadol, utalala, na asubuhi mtaongea tena. Kikiwa kimetulia mnaendelea. Ubaya ni kumeza panadol kimya kimya, kwa sababu asubuhi unaonekana mzima, kiongozi anakupandisha Shira akidhani mwili wako umezoea, na tatizo linakulipukia mahali palipo mbali zaidi na gari.

Kama kichwa kinauma na unatapika au huwezi kula kabisa, hupandi mpaka hali itulie. Na kuna dalili ambazo hazisubiri asubuhi: kuyumba unapotembea kama mlevi, kuchanganyikiwa maneno, kuhema ukiwa umekaa tu, kukohoa mapovu. Hizo ni za ubongo au mapafu kujaa maji, ni nadra kwenye kambi hii, na tiba yake ni kushuka saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Mzijue wote 12, kwa kuwa mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi hajijui.

Usije ukaogopa jambo moja la kawaida: usiku unaweza kushtuka ukivuta pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Mwinuko hufanya pumzi za usingizini ziende na kukatika. Tulia, zitajipanga. Kuamka mara kadhaa kwenda haja ndogo nako ni dalili kwamba figo zinafanya kazi yake. Taa ya kichwani ilaze karibu na mkono.

Kuna dawa ya kinga, asetazolamaidi, wengi wanaijua kwa jina la Diamox. Inasaidia kweli, lakini muone daktari kabla ya safari, hasa kama una mzio wa dawa za salfa au unatumia dawa nyingine. Kipimo cha kinga kilichozoeleka kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Ukiandikiwa, ijaribu kwanza nyumbani, kwa sababu inaongeza mkojo na kutia ganzi vidoleni, na hayo usikutane nayo kwa mara ya kwanza hemani. Haikupi ruhusa ya kukimbia.

Mazoezi yako ya ufukweni ni mazuri, mchanga unaimarisha vifundo. Ongeza ngazi: tafuta jengo la ghorofa nyingi, panda na kushuka ukiwa na begi lenye lita 3 za maji, mara tatu kwa wiki.

Mwisho, jambo la kufanya wiki hii. Mnapanda kwa heshima ya usiku ule wa Desemba 9, 1961, ambapo Luteni Alexander Nyirenda alisimika Mwenge na bendera kileleni, na natamani mfike wote 12. Kwa watu wanaotoka pwani, siku sita za Machame ni chache. Siku ya saba inawapa usiku wa Karanga, kama mita 4,000, kabla ya Barafu, badala ya kutoka Barranco hadi Barafu kwa siku moja na usiku huo huo kuamka kwenda kileleni. Gharama inaongezeka, najua, ila mwambie mratibu wenu aulize bei ya siku hiyo sasa na mwanze safari siku moja mapema, kwa kuwa mkishafika getini vibali vimekwisha kulipiwa na ratiba imefungwa. Wakikataa, ombeni angalau mfike Moshi siku mbili kabla, mlale, mule, mtembee mpaka vijiji vya juu vya Machame na kurudi, badala ya kushuka kwenye basi usiku na kuamkia getini.